Mchuzi wa Kihindi nyumbani: kila kitu kina zamu yake kwenye sufuria

Watu wengi wanauogopa mchuzi wa Kihindi kwa sababu wanauhesabu kwa viungo. Wanaona orodha ndefu, iliki, karafuu, mdalasini, giligilani, uwatu, haradali, mvuje, wanachoka kabla hata ya kuwasha jiko, basi wananunua pakiti moja ya unga wa mchuzi wanaimwagia kwenye nyama iliyochemka, alafu unatoka mchuzi wa njano una harufu ya unga mbichi na mtu anasema ndo chakula cha Kihindi kilivyo. Sio hivyo jamani. Ule mchuzi unaouonjaga kwa jirani Mhindi pale Mwanza mjini, ule unaokufanya uongeze wali mara ya pili, mara nyingi una viungo vinne au vitano tu. Siri yake ni zamu, yaani kipi kinaingia kwenye mafuta kwanza, kipi kinafuata, moto uwe vipi, na unasubiri kuona nini ndo uweke kingine. Ukishaelewa kila zamu ina kazi gani, unapika dengu, kuku, sato, mayai, biringanya, na huhitaji karatasi ya kuangalizia.

Kwanza tuelewane kwamba India hakuna mchuzi mmoja. Bengal wanakula samaki wa haradali, Kerala wanatia nazi kila mahali, Punjab ni siagi na maziwa na mkate wa ngano, Gujarat wanapenda kachumvi, ukali kiasi, chachu ya limao au ukwaju na utamu kidogo wa sukari guru, vyote kwenye bakuli moja. Familia nyingi za Kihindi hapa Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat na Kutch, walikuja kibiashara wakazunguka ziwa lote na maduka yao, reli ya Uganda ilifika Kisumu 1901 na ile ya kutoka Tabora ikafika Mwanza 1928, kwahiyo mapishi ya Kihindi ya majumbani kanda ya ziwa yana mkono wa Gujarati sana. Ule mchuzi wa hotelini mwekundu wenye krimu nzito ni wa kaskazini kule Punjab. Wote mzuri, ila mtu akipika wa nyumbani huku anategemea utoke kama wa hoteli lazima ataona amekosea wakati hajakosea.

Na ule unga wa pakiti wenye kila kitu ndani, umaarufu wake ulitokana zaidi na Waingereza waliokuwa wanataka ladha ya India kwa njia ya mkato, kitabu cha mapishi cha London cha mwaka 1747 tayari kilikuwa na maelekezo ya kupika kari. Hata pilipili yenyewe haikutoka India, ilitoka Amerika, Wareno ndo waliipeleka baada ya Vasco da Gama kufika Calicut mwaka 1498 akitokea Malindi, na nyanya nayo ni ya Amerika hivyo hivyo. Kabla ya hapo ukali wao ulikuwa wa pilipili manga na tangawizi. Nalisema hili ili mtu asije akakutisha kwamba kuna njia moja tu ya asili na wewe wa Nyegezi hapa Mwanza huiwezi.

Sasa jikoni. Zamu ya kwanza ni mafuta na viungo vizima. Harufu nyingi za viungo zinayeyuka kwenye mafuta, kwenye maji haziyeyuki vizuri, ndo maana binzari nyembamba ukiitupia kwenye mchuzi unaochemka inabaki inaelea tu kama punje, ila ukiiweka kwenye mafuta ya moto sekunde chache tu nyumba nzima inajua. Mafuta yashike moto wastani, tupia punje moja ya kujaribia, ikitoa mapovu pembeni yake basi yako tayari. Haradali inatangulia kwa sababu inatakiwa ipasuke, funika kidogo isikurukie, ikishatulia weka binzari nyembamba, hiyo inabadilika rangi haraka sana. Uwatu uwe punje chache tu na uwe mwangalifu nao, ukiungua unakuwa mchungu na uchungu huo hautoki hata uweke sukari. Mdalasini, karafuu mbili tatu na iliki zinaingia hapa hapa kama unapika nyama au kuku, kwa mboga za kawaida siwekagi.

Hapa niseme kuhusu jiko la mkaa maana wengi ndo tunalo. Gesi unapunguza kwa kuzungusha tu, mkaa hauna huruma, na viungo vinaungua ndani ya sekunde. Dawa yake ni kuviandaa vyote kwenye visahani kabla ya kubandika sufuria, na ukiona moto unazidi epua kabisa sufuria weka chini, malizia kukaanga viungo kwa joto la mafuta lililobaki, alafu ndo urudishe jikoni ukiwa na vitunguu mkononi. Sufuria nyembamba za bati zinaunguza, kama una karai zito au sufuria nzito tumia hiyo.

Zamu ya pili ni vitunguu, na mchuzi mwingi wa nyumbani unafia hapa. Mtu anaweka vitunguu, dakika mbili vimelainika, anamwaga nyanya. Kitunguu kina maji mengi, na maji yakiwepo kitunguu kinachemka tu, hakikaangiki. Mpaka maji yaishe ndo sukari yake inaanza kuwa ya kahawia na kutoa ule utamu mzito na rangi ambayo watu wanadhani inatoka kwenye unga wa pakiti. Kwa vitunguu vitatu vikubwa vilivyokatwa vyembamba hesabu dakika kumi na tano hadi ishirini, sio tano. Weka chumvi kidogo mwanzoni, inavuta maji yatoke mapema. Vikianza kushika chini nyunyizia maji kijiko kimoja, kwangua na mwiko, endelea, ile rangi iliyoshika chini ndo ladha yenyewe hiyo usiiache. Kwa dengu na mboga simamia kwenye rangi ya dhahabu, kwa kuku na nyama nenda mpaka kahawia. Kama una haraka sana siku hiyo, pika kitu kingine tu, kwa sababu hii hatua haina njia ya mkato, hata blenda haikusaidii, kitunguu kilichosagwa kibichi kinachukua muda ule ule na kinaruka kila mahali.

Tangawizi na kitunguu swaumu vilivyotwangwa vinafuata, dakika moja tu hadi harufu ile ya ubichi iishe. Swaumu ukiitanguliza kabla ya kitunguu maji inaungua.

Kisha viungo vya unga, na hapa ukienda dukani uwe unataja jina kamili maana ukisema binzari tu unaweza ukapewa manjano, ukapewa binzari nyembamba, au ule mchanganyiko wa mchuzi, na ni vitu vitatu tofauti kabisa. Kipimo cha kushika kichwani kwa sufuria ya watu sita ni giligilani ya unga kijiko kimoja cha chakula kilichojaa, binzari nyembamba ya unga nusu ya hiyo, manjano nusu kijiko cha chai, pilipili ya unga kwa kadri ya nyumba yako. Giligilani ndo mwili wa mchuzi, inatia uzito na haina ukali, watu wengi wanaweka kidogo mno. Manjano ndo watu wanazidisha, wanataka rangi, na yakizidi mchuzi unakuwa na ladha ya dawa. Unga wa viungo unaungua kuliko punje, kwahiyo changanya kwanza na maji vijiko viwili vitatu uwe kama uji mzito alafu ndo umimine, koroga nusu dakika. Ukiweza nunua giligilani ya punje, ikaange kavu kwenye kikaango, twanga kwenye kinu, utaona tofauti siku hiyo hiyo, unga uliokaa kwenye pakiti iliyofunguliwa miezi na miezi umebaki rangi tu.

Nyanya zinaingia sasa, zikiwa zimekatwa ndogo au zimekunwa. Kazi yake ni chachu na uzito, na unazipika mpaka maji yake yaishe na uone mafuta yanajitenga pembeni ya sufuria, yanang'aa. Hiyo ndo alama kubwa kuliko zote kwenye upishi huu. Mafuta yakijitenga maana yake maji yamekwisha na viungo sasa vinakaangika ndani ya mafuta, ubichi umetoka. Usipoona mafuta, bado, hata kama saa inakwambia vingine. Watu wanaoogopa mafuta wanaweka kijiko kimoja alafu wanashangaa hakijitengi kitu, kwa sufuria ya watu sita vijiko vitatu vinne vya chakula ni vya lazima, ukishamaliza kupika unaweza ukachota ya juu ukatoa.

Huo mchanganyiko uliofika hapo ndo msingi. Ukiongeza kitu kikuu na maji umepata mchuzi, na kitakachobadilika kutoka siku moja kwenda nyingine ni hicho kitu kikuu, chachu unayotumia, na unachomalizia nacho.

Sasa tuje kwenye dengu, na hapa nina uchungu kidogo. Dengu zinalimwa kwetu hapa, Kwimba, Misungwi, Magu, Shinyanga, kwenye zile mbuga za udongo mweusi unaoshika maji, zinapandwa mvua zikiwa zinaelekea kuisha alafu zinakua kwa unyevu uliobaki chini. Na nyingi zinapakiwa zinapelekwa India. Mwaka 2017 India ilipobana uagizaji wa mbaazi bei zikaporomoka huku kwetu, na mwisho wa mwaka huo huo ikaweka ushuru wa 30% kwenye dengu. Tunategemea mlaji aliye ng'ambo ya bahari ale dengu zetu wakati sisi wenyewe tunazijua kwa bhajia tu. Mchuzi wa dengu ni chakula cha kila siku kwa mamilioni ya watu kule, ni rahisi, una protini, na kwa familia ya watu sita ni nafuu kuliko kilo moja ya nyama.

Chukua dengu za kupaaza kikombe kimoja na nusu, loweka saa moja au mbili, zikiwa nzima lala nazo usiku kucha. Chemsha na manjano kidogo mpaka zisagike kwa kidole. Usiweke nyanya wala ukwaju kabla hazijaiva, chachu inazifanya ziwe ngumu na utachoma mkaa mpaka jioni, chachu ni baadae. Pembeni unga msingi wako wa kitunguu cha dhahabu, tangawizi, swaumu, viungo na nyanya mbili tatu, changanya, acha itokote dakika kumi. Mwisho ndo ule ufundi Wagujarati wanaita vaghar: kwenye kikaango kidogo pasha mafuta au samli vijiko viwili, haradali ipasuke, binzari nyembamba, pilipili kavu moja, mvuje chembe tu kama unao, alafu mimina yote inavuma juu ya dengu na ufunike papo hapo. Harufu ya mwanzo ilishapungua kwenye kuchemka, hii ya mwisho inakaa juu na ndo inayomfikia mlaji kwanza. Kamua limao, weka kipande kidogo cha sukari guru kama unataka ya Kigujarati. Choroko za kupaaza unafanya hivyo hivyo na zinaiva haraka zaidi, hata bila kulowekwa.

Kitu cha pili ambacho huku tunacho na hatukitumii ni mtindi. Usukumani ng'ombe wapo, mtindi upo, na Wagujarati wana mchuzi wao wa mtindi unaitwa kadhi ambao mtu akiuonja mara ya kwanza haamini kwamba hauna nyama. Mtindi vikombe viwili, unga wa dengu vijiko viwili vya chakula, maji vikombe viwili, tangawizi iliyokunwa, chumvi, manjano kwa ncha ya kijiko, pigapiga mpaka kusiwe na madonge kabla haujagusa moto. Bandika moto mdogo na usiache kukoroga mpaka uchemke, alafu uache utokote dakika kumi na tano. Huo unga wa dengu una kazi mbili, unatia uzito na unazuia mtindi usikatike, mtindi mtupu ukiupa moto mkali unagawanyika maji huku na chengachenga huku. Malizia na vaghar ya haradali, binzari nyembamba na karafuu mbili, sukari kidogo. Unaliwa na wali, na kwa mtu anayetoka kuumwa ni chakula kizuri sana kinateremka bila shida. Kama unataka kuweka mtindi kwenye kuku badala yake, epua sufuria kwanza, weka kijiko kimoja kimoja huku unakoroga, mtindi usiwe wa kutoka kwenye friji.

Kuku wa wageni. Wa kisasa na wa kienyeji usiwape taratibu moja. Wa kisasa unamkata, unampaka chumvi, manjano na limao, unamweka kwenye msingi wa kitunguu cha kahawia akakaangika dakika tano mpaka abadilike rangi, maji kikombe kimoja, dakika ishirini na tano hadi thelathini ameiva. Wa kienyeji huyo mchemshe kwanza na tangawizi mpaka akaribie kulainika, na supu yake ndo iwe maji ya mchuzi, usiimwage jamani, ladha yote iko humo. Garam masala, ule unga wa viungo vya joto kama iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga, unaingia dakika za mwisho, nusu kijiko cha chai tu, kwa sababu harufu yake inaruka na mvuke. Alafu kotmiri nyingi juu.

Nazi ikiwa ghali, maana huku inakuja na malori kutoka pwani, tumia karanga. Sio kubahatisha, Gujarat yenyewe inalima karanga kwa wingi na wanazitia kwenye michuzi yao. Kaanga, menya, twanga laini, vijiko vitatu vya chakula kwenye mchuzi wa kuku au wa biringanya au wa viazi, koroga sana chini maana zinashika.

Samaki ana sheria zake. Sato mpake chumvi na manjano, mwache robo saa, mkaange juu juu tu agande ngozi, weka pembeni. Msingi wake usiwe mzito, kitunguu cha dhahabu kinatosha, nyanya, haradali, uwatu punje chache, na chachu iwe ukwaju badala ya limao, unamstahili samaki wa ziwa kweli kweli. Mchuzi uchemke kwanza uive wenyewe, samaki anaingia mwisho dakika saba mpaka kumi, na usiingize mwiko tena, shika sufuria kwa masikio utikise. Sangara ukimpata wa vipande kule Kirumba Mwaloni anavumilia zaidi, nyama yake ni nene haivunjiki ovyo, ila ana mafuta yake kwahiyo punguza ya kukaangia.

Ukiwa na wageni waulize mapema wanakula nini, huku kwetu sio swali dogo. Wasabato wapo wengi na kambale hawamgusi kwa sababu hana magamba, sato hana shida. Waislamu watataka kujua nani amechinja kuku. Mgeni wa Kihindu anaweza akawa hali nyama kabisa, na Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, wengi hawali hata kitunguu wala swaumu, ndo hapo mvuje unapookoa, ukikaangwa kwenye mafuta unatoa harufu inayokaribiana na vitunguu. Kwahiyo mimi kwa mchanganyiko wa watu napikaga dengu sufuria kubwa na kuku sufuria ndogo, kadhi, wali, na kachumbari yenye pilipili pembeni. Ukali usiujaze kwenye sufuria, watoto na wazee watashindwa kula na huwezi kuutoa, ila anayetaka ataongeza mwenyewe kwa pilipili ya kusaga au achari.

Msingi wa vitunguu na nyanya unaweza kuupika siku moja kabla, tena mwingi, ukishapoa unakaa kwenye friji siku tatu bila wasiwasi, na siku ya wageni unabaki na kazi ya nusu saa tu. Dengu na kuku zikilala zinanoga zaidi, zipashe na maji kidogo na uzipigie vaghar mpya juu. Samaki mpike siku hiyo hiyo. Kadhi ukiipasha iwe kwa moto mdogo na uikoroge muda wote, ikianza kupanda epua.